Je, Wajua? Vitu Vilivyoahidiwa Milele

Je, wajua kwamba iko hati ya deni ya mwaka 1648 ambayo mpaka leo inalipa riba? Iliandikwa kwa mkono huko Uholanzi tarehe 15 Mei ya mwaka huo, juu ya ngozi ya mbuzi. Waliokopa ni bodi ya maji ya Lekdijk Bovendams, ambayo kazi yake ilikuwa kutunza tuta la mto Lek lisije likabomoka na kugharikisha mashamba. Walitaka guldeni 1,000 za kuwalipa vibarua waliokuwa wakijenga vikinga-maji kwenye kona ya mto. Hawakuahidi kurudisha mtaji. Waliahidi jambo moja tu: kila atakayeishika hati hiyo mkononi atapewa riba yake mwaka hadi mwaka, milele.

Riba ilianza kwa asilimia 5, ikashushwa hadi 3.5, mwishowe ikatua kwenye 2.5. Kwa guldeni 1,000 hiyo ni guldeni 25 kwa mwaka, ambazo kwa fedha za sasa ni kama euro 11 na senti kidogo. Mwaka 2003 maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, iliinunua hati hiyo kwa takriban euro 24,000 ili iihifadhi pamoja na nyaraka nyingine za kale. Lakini hati hii ina sharti lake. Malipo huandikwa juu yake yenyewe, na asiyeileta halipwi. Ngozi ilijaa maandishi ya malipo hadi ikakosa nafasi, na mwaka 1944 ikaongezewa karatasi ya kuendelezea hesabu. Basi mwaka 2015 mtunza nyaraka wa Yale alifunga safari ya Amsterdam, akaionyesha kwa wanaohusika, akapokea euro 136.20. Hiyo ilikuwa riba ya miaka 12.

Aliyelipa ni nani, na waliokopa walikwishakufa zaidi ya karne tatu zilizopita? Bodi ile ya zamani imemezwa na bodi kubwa zaidi, De Stichtse Rijnlanden, ambayo imerithi tuta, imerithi mto, na imerithi deni. Hapa napenda tukae kidogo. Ngozi ya mbuzi haina nguvu ya kumlazimisha mtu chochote. Ahadi ile imeishi kwa sababu sehemu kubwa ya Uholanzi iko chini ya usawa wa bahari au karibu nao, na kizazi kikizembea na tuta, kinachofuata hakina pa kulima. Kwa hiyo miaka yote hiyo hapakukosekana watu wa zamu, na ofisi, na daftari, na kodi ya kuendeshea kazi. Nimeanza kuamini kwamba ukikichunguza chochote kilichopewa sifa ya kutokwisha, utamkuta mtu nyuma yake anayefanya kazi. Na mara nyingi utakuta pia kuna aliyeamua nani aingie katika milele hiyo na nani abaki nje.

Tuchukue Uingereza. Tangu katikati ya karne ya 18 serikali yake ilikuwa ikiuza hatifungani zisizo na tarehe ya mwisho. Mnunuzi alipata riba daima, na serikali haikulazimika kurudisha mtaji ila ikitaka yenyewe. Madeni ya vita vya Napoleon, ya vita vya Crimea na ya Vita Kuu ya Kwanza yalimiminwa humo. Na deni jingine pia. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mengi mwaka 1833, lilitenga pauni milioni 20 za fidia. Hizo zilikuwa kama asilimia 40 ya matumizi ya hazina kwa mwaka mzima. Waliofidiwa ni mabwana. Waliokuwa watumwa hawakupewa hata senti, na wengi walitakiwa waendelee kuwatumikia mabwana walewale kwa miaka kadhaa chini ya jina la uanagenzi.

Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa mwaka 1835 na baadaye ikachanganywa na yale madeni yasiyo na mwisho. Serikali ilipoamua kuzinunua hatifungani zote za namna hiyo na kuzifuta, mwaka ulikuwa 2015. Maana yake ni kwamba mzao wa watumwa wa Jamaika aliyehamia London, akafanya kazi hospitalini au kwenye mabasi, alikatwa kodi iliyosaidia kulipa deni la kumfidia aliyewamiliki mababu zake. Zanzibar nako, Sultani Hamoud bin Muhammed alipotoa amri ya kuifuta hadhi ya utumwa mwaka 1897 chini ya shinikizo la Waingereza, sheria ilielekeza fidia kwa wenye watumwa. Sijui namna ya kulisoma jambo hili kwa utulivu, na sidhani kuna haja ya kujaribu.

Je, wajua kwamba walowezi wa Kenya walipewa ardhi kwa miaka 999? Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilitoa mikataba ya miaka 99, walowezi wakalalamika kuwa ni michache, na sheria ya mwaka 1915 ikaongeza tarakimu moja. Aliyetia saini mwaka huo alikuwa amemwekea kitukuu chake shamba hadi mwaka 2914. Tanganyika iliufuta umiliki usio na kikomo mwaka 1963 na kuugeuza kuwa wa miaka 99. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo ikasema asiye raia hawezi kushika ardhi zaidi ya miaka hiyo 99, hata kama karatasi yake imeandikwa 999.

La kushangaza ni kwamba sheria ya Waingereza hao hao inaiogopa milele. Tangu kesi maarufu ya Mtawala wa Norfolk ya mwaka 1682, mahakama zao zilijenga kanuni kwamba mtu hawezi kuifunga mali yake kwa vizazi visivyokwisha. Mpaka uliwekwa hivi: umri wa mtu fulani aliye hai leo, kisha miaka 21 baada ya kifo chake. Mawakili wakatafuta upenyo. Wakawa wanaandika kwamba masharti yatadumu hadi miaka 21 baada ya kufa kwa wa mwisho katika uzao wa Malkia Victoria ulio hai siku ya kutia saini, maana uzao ule ulikuwa mkubwa, na habari za vifo vyao zilijulikana na kila mtu.

Kanuni hiyo ilipofika pwani yetu ilikutana na wakfu. Anayeweka wakfu huitoa nyumba au shamba mikononi mwake moja kwa moja; haliuzwi tena, halipewi mtu, halirithiwi. Mtawali hulisimamia, na pato lake huenda lilikoelekezwa: msikitini, madrasani, kwa maskini, au kwa watoto na wajukuu wa mwenye kuweka na mwishowe kwa maskini pindi uzao ukikatika. Kudumu ni katika masharti yake. Wanazuoni wengi huwa hawakubali wakfu wa muda. Sasa, mwaka 1894 majaji wa rufaa huko London, wakiamua kesi ya kutoka India, walisema wakfu wa familia ambamo maskini wanasubiri mpaka ukoo uishe si sadaka ya kweli, ni njia ya kuifungia mali ndani ya ukoo. Waislamu wa India walipinga kwa nguvu hadi ikatungwa sheria ya mwaka 1913 ya kuihalalisha desturi yao. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya wakfu wa familia kutoka Kenya ilifika London, na majaji wakaufuata uamuzi ule ule wa 1894.

Yaweke mawili hayo pamoja. Dola iliyompa mlowezi karne kumi kasoro mwaka mmoja ilimwambia Mwislamu wa pwani kwamba hawezi kuwawekea wajukuu zake nyumba moja isiyouzwa. Wakfu haukufa kwa hilo. Zanzibar iko Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe ni za wakfu hadi leo. Lakini hata huko mtawali ndiye roho ya jambo. Nyumba ya wakfu ambayo boriti zake hazibadilishwi na paa lake halizibwi huanguka kama nyumba nyingine yoyote.

Kwa haraka, kuhusu watu wanaoitwa "Wasiokufa". Ni wajumbe 40 wa Chuo cha Lugha cha Ufaransa, kilichoanzishwa na Kadinali Richelieu mwaka 1635. Jina hilo limetokana na muhuri wa chuo, na linahusu lugha ya Kifaransa, siyo wajumbe. Kwa kawaida kiti hupata mtu mpya pale tu aliyekikalia anapofariki. Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa ni Léopold Sédar Senghor wa Senegali, mwaka 1983. Alifariki mwaka 2001, na kiti chake kikaenda kwa Valéry Giscard d'Estaing, aliyewahi kuwa rais wa Ufaransa.

Je, wajua kwamba moto wa milele wa Paris huwashwa kila siku? Uko chini ya tao la ushindi, Arc de Triomphe, juu ya kaburi la askari asiyejulikana wa Vita Kuu ya Kwanza. Uliwashwa mara ya kwanza tarehe 11 Novemba 1923, na tangu hapo kila jioni saa kumi na mbili na nusu watu hukusanyika kuuhuisha. Wa kaburi la Rais Kennedy huko Arlington, Marekani, ulizimika Desemba ya mwaka ule ule wa 1963 alipouawa. Watoto wa shule ya Kikatoliki walikuwa wakiunyunyizia maji ya baraka, kifuniko cha chupa kikachomoka, maji yakamwagika yote. Mlinzi aliuwasha tena kwa kiberiti cha gesi.

Moto ulioishi muda mrefu kweli ni wa Wazoroasta. Katika mji wa Yazd, Iran, uko moto ambao waumini husema unawaka tangu karibu mwaka 470, ukihamishwa kutoka mji hadi mji kabla ya kuingizwa katika jengo lake la sasa mwaka 1934. Na Udvada, katika jimbo la Gujarat, India, uko moto ulioanzishwa na Wazoroasta waliokimbilia huko, wale tunaowaita Waparsi. Kuuanzisha moto wa daraja hiyo si kuwasha kuni. Hukusanywa mioto 16 ya asili tofauti, ukiwemo wa mhunzi, wa mwokaji mikate na ule uliowashwa na radi, kila mmoja ukasafishwa kwa ibada ndefu kabla ya kuunganishwa. Baada ya hapo makuhani huulisha vijiti vya msandali mara tano kwa siku, usiku ukiwemo, midomo ikiwa imefunikwa kitambaa ili pumzi na mate visiuchafue.

Waparsi walifika Unguja pia, wakafanya kazi za ukarani, uhandisi na biashara, wakajenga hekalu lao. Katika jumuiya hiyo alizaliwa, mwaka 1946, Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kama Freddie Mercury. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wao waliondoka, na hekalu likabaki gofu. Pasipokuwa na jumuiya, hakuna wa kuulisha moto.

Kisha kuna ndoto ya mashine ijiendeshayo yenyewe bila kulishwa chochote. Ndoto hii ni ya zamani mno: mwanahisabati wa Kihindi Bhaskara alieleza gurudumu la zebaki la namna hiyo karne ya 12. Ugumu wake ni kwamba kila kinachozunguka husuguana na kitu, na msuguano huigeuza nguvu kuwa joto linalopotea. Mashine ikipoteza bila kupewa, lazima isimame. Chuo cha Sayansi cha Paris kilichoshwa na wavumbuzi wa jambo hili, na mwaka 1775 kikatangaza kuwa hakitasoma tena pendekezo lolote la mashine ya aina hiyo.

Wamarekani walikuwa bado hawajachoka. Mwaka 1812 alitokea Philadelphia mtu aitwaye Charles Redheffer, akawatoza watu kiingilio waione mashine yake ikizunguka mchana kutwa bila maji, bila mvuke, bila mnyama. Wakaguzi wa mji walipokwenda kuitazama waligundua kwamba meno ya magurudumu yamelika upande usiofaa. Gurudumu lililodaiwa kuwa linaendesha ndilo lililokuwa likiendeshwa. Redheffer akahamia New York, akaanza upya. Mwaka 1813 akaingia mtazamaji mmoja, Robert Fulton, bingwa wa meli za mvuke. Fulton alisimama akasikiliza. Sikio lake lilizoea mashine, na hii ilikuwa ikienda kwa kasi kidogo, kisha polepole kidogo, kisha kwa kasi tena, mwendo wa kitu kinachozungushwa kwa mkono. Akazing'oa mbao nyembamba zilizoiunganisha mashine na ukuta. Ndani yake mlikuwa na ukanda wa utumbo wa mnyama uliosokotwa. Akaufuata ukanda huo kupitia ukutani hadi kwenye chumba cha nyuma. Humo alikuwamo mzee mwenye ndevu ndefu, ameketi, mkono mmoja unazungusha mpini, mwingine umeshika kipande cha mkate mkavu anachokitafuna.

Waliolipa kiingilio waliivunja mashine palepale, na Redheffer akatoroka. Habari haisemi mzee alipata ujira gani, wala jina lake.

Je, wajua kwamba kwenye Kilimanjaro na Mlima Kenya yanaota maua ambayo Waingereza huyaita ya milele? Ni ya jamii ya Helichrysum. Apandaye Kilimanjaro huanza kuyaona akishauacha msitu, vichaka vya kijivu vyenye vichwa vyeupe au vya waridi, na aina moja imepewa jina la mmisionari Charles New, aliyeufikia mpaka wa theluji mwaka 1871. Liguse ua lake: linatoa sauti ya karatasi. Kinachodhaniwa kuwa ni petali zake ni vijani vidogo vikavu vilivyoyazunguka maua halisi, ambayo ni madogo sana na yamesongamana katikati. Vijani hivyo hufumba hewa ikiwa na unyevu na kufumbuka ikikauka, hata baada ya ua kuchumwa. Havinyauki kwa kuwa tangu mwanzo havikuwa na maji mengi ya kupoteza.

Juu ya maua hayo, mlimani, kuna kitu kingine ambacho Wazungu walikipa sifa hiyo hiyo. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tarehe 11 Mei 1848, akaandika habari zake, na mwanajiografia William Desborough Cooley wa London akakataa kata kata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Baadaye dunia ilipoamini, ikaanza kusema kuhusu theluji ya milele. Vipimo vinasema vingine. Barafu ya Kilimanjaro iliyokuwa na eneo la kilomita za mraba 11 na kitu mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya kilomita mbili mwaka 2011. Baridi peke yake haiitunzi. Inahitaji theluji mpya ya kuziba inayopotea kwa jua, na theluji hiyo imepungua.

Nimeiweka mwisho milele inayotuhusu zaidi. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, ambayo leo hii huitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Ahadi yake ilikuwa nzito: kila aliyekufa atakumbukwa kwa jina lake, daima, bila kujali cheo, rangi wala dini, ama kwenye jiwe la kaburi lake au kwenye mnara. Tume ina makaburi Dar es Salaam, Moshi, Taveta, Voi, Nairobi. Yatembelee uone nyasi zilivyokatwa na mawe yalivyosimama mistari. Kazi hiyo inafanywa kwa ukamilifu.

Lakini vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918 vilibebwa vichwani. Magari yalikwama na ng'ombe waliuawa na ndorobo, basi karibu watu milioni moja walichukuliwa kubeba risasi, unga na majeruhi. Hao ndio Carrier Corps, ambao kambi zao zimetuachia Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Hesabu rasmi ilisema waliokufa ni zaidi ya 40,000, nayo wanahistoria wanaona ni ndogo mno. Wengi hukadiria kama 100,000. Wengi wao waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa.

Majina yao hayakuchongwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 utawala wa Tanganyika uliona kuyatunza makaburi ya wapagazi ni kupoteza fedha, na ikakubaliwa yaachwe yarudi porini. Badala ya majina ziliwekwa sanamu za askari na wapagazi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920, Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa, zenye maneno ya sifa kwa wote na jina la mtu mmoja mmoja hakuna. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikadiria kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Tangu hapo imeanza kupekua madaftari ya zamani. Januari 2025 ulizinduliwa Cape Town ukumbusho wa Waafrika Kusini zaidi ya 1,700, wengi wao weusi, waliokufa katika vita hivyo hapa Afrika wakiwa vibarua na wabebaji. Safari hii hawakutumia jiwe. Kila mmoja ana nguzo yake ya mvule, na jina lake limechorwa juu yake.

Kwa wapagazi wa Kenya na Tanganyika msako wa majina unaendelea, na madaftari hayatoshi, kwa kuwa mengi yalipotea na mengine yaliandika jina moja tu na namba. Majina kamili yako kwenye familia. Kama kwenu kuna nishani ya shaba iliyofungwa kitambaani, au bibi anayesimulia ndugu wa babu yake aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita asirudi, muulize aliitwa nani, mwana wa nani, wa kijiji gani, mkaandike na kuipelekea tume hiyo taarifa.